Jani la Ndimu

Mercyline alikuwa akipangusa vumbi kwenye maua ya plastiki ya madam, kitambaa kikagusa jani laini. Alilisugua. Likanukia ndimu.

Mbegu ilikuwa imeota kwenye udongo ulioshikilia plastiki. Mche wake ulielemea dirisha lisilofunguka.

Madam hakutaka chochote chenye uhai kiingie nyumbani kwake, hata paka.

"Mercyline, khalas? Umemaliza?" aliita kutoka mlangoni. "Unatazama nini?"

"Hakuna kitu, madam. Ni plastiki tu."

Aliufunika mche kwa majani bandia. Ukafichika vizuri. Lakini plastiki hairefuki, na huu ungerefuka. Mwezi ujao ungeonekana na kila anayepita.

Madam aliondoka. Aproni ya Mercyline ilikuwa imeanza kumbana tumboni. Akazilegeza kamba, kama alivyozilegeza wiki iliyopita.