Viatu vya Mama Mkwe

Kiatu cha kushoto kilikatika tena kabla hawajamaliza kupanda kilima, na Ambroise akazama kwenye theluji mpaka kiunoni.

"Kuna nini huko nyuma?" aliuliza Mama Philomène bila kugeuka.

"Hakuna kitu, Mama! Natazama mandhari."

"Mandhari gani, na wewe umezikwa?"

Ambroise alijivuta kwa tawi la msonobari akatoka, theluji imemjaa mpaka kwenye masikio. Viatu vile vya theluji alikabidhiwa asubuhi kijijini: vipana, vya mviringo kama sinia, vimesukwa kwa mikanda ya ngozi ya kulungu. "Nimevisuka mwenyewe," Mama Philomène alikuwa amesema. "Tukifika kambini utaniambia vinatembeaje."

Kambini ndiko alikokuwa Clothilde, binti yake. Ambroise alikuwa amempenda tangu kiangazi, siku ya ngoma, alipomkanyaga mguu naye Clothilde akamkanyaga wake kulipiza. Sasa alikuwa anakwenda kuposa. Mwenye akili hagombani na mama wa mchumba, hasa akiwa porini naye, na shoka analo mama.

Mikanda ililegea kama suruali ya mlevi. Kisha kiatu cha kulia nacho kikapasuka ukingo wa nyuma. Ambroise alikifunga kwa skafu yake. Cha kushoto kilipokatika mara nyingine, alivua mkanda wa suruali akakifunga nao, na kuanzia hapo akawa na kazi mbili: kuinua miguu na kushikilia suruali.

Mbele yake Mama Philomène aliteleza juu ya theluji kama sungura, kiko mdomoni.

"Vinakubana?"

"Vimenikaa kama nimezaliwa navyo, Mama mkwe."

"Mkwe wa nani? Mbona unatembea kama bata mwenye mimba?"

"Ndio mwendo wa kwetu pwani."

Mama Philomène alikohoa moshi, akaendelea. Ambroise akauma ulimi. Matusi aliyoyameza siku ile, ya Kiinnu, lugha ya wenyeji wa huko, na ya Kifaransa, yangetosha kuyeyusha ziwa.

Walipofika, moshi ulikuwa unatoka kwenye hema. Clothilde alitokeza kichwa, akamwona mgeni ameshika suruali kwa mikono miwili, akarudi ndani haraka. Ambroise alisikia kicheko. Kilimpasha moto kuliko jiko.

Ndani alipewa chai na mkate wa kukaanga. Clothilde alikaa karibu kuliko ilivyohitajika, goti likigusa goti. Viatu vilitupwa mlangoni. Kimoja kikaanguka vipande viwili chenyewe.

"Haya, kijana," alisema Mama Philomène, akigonga kiko. "Vimetembeaje?"

Ambroise alimtazama Clothilde. Macho ya msichana yalikuwa makubwa, kama ya mtu anayeomba jambo. Akajua ndiyo saa yenyewe. Akaweka kikombe chini.

"Tangu nizaliwe, Mama, sijavaa viatu vizuri kama hivi."

Clothilde akavuta goti lake.

"Umesikia mwenyewe," Mama Philomène alimwambia binti yake.

"Nimesikia."

"Yule wa mwaka jana, niliyempa viatu hivi hivi akanitukana njia nzima mpaka mbwa wakaona haya. Bado hajaoa?"

Lakini Clothilde alikuwa ameshavaa koti, aende akamuulize mwenyewe.