Bi Kupe Alivyokataa Posa

Enzi wadudu walipokuwa wakichagua wakwe kwa makini kuliko binadamu, Bi Kupe aliishi na binti yake sikioni mwa maksai. Maksai huyo alifungwa kwenye nguzo, akizunguka kukanyaga mpunga. Punda naye alizunguka nguzo hiyo hiyo kwa nje, polepole, na Papasi, mdudu wa jamii ya kupe aliyeishi mgongoni mwake, alileta posa.

"Simtaki," alisema Bi Kupe. "Nimemchunguza. Anakwenda mbele vizuri, tukimkaribia anarudi nyuma. Alikuwa usawa wa mchungwa, sasa yuko usawa wa banda la kuku. Mume gani huyo, hajui aendako?"

"Mama, ni sisi tunaompita," binti alisema.

"Tunampita kwa miguu ipi? Mimi tangu nikuzae sijainua mguu hapa."

Yangeyange, aliyetua juu ya nguzo, akacheka. "Bi mkubwa, mimi nawaona nyote mnakwenda mbele. Wewe una mbio zaidi, duara lako fupi."

"Mbio, mimi? Haya, naliachia sikio hili uone kama nitakwenda popote."

Akaliachia. Akaanguka kwenye mpunga, maksai akaenda zake, na huko juu binti akaijibu posa mwenyewe.

Nasi tukiona ile nyota nyekundu inarudi nyuma angani, tunasema imepotea njia. Kumbe ni sayari, inalizunguka jua kwa nje, sisi tunazunguka kwa ndani na kuipita, tumeng'ang'ania sikio la dunia huku tunaapa kwamba tumekaa.