Kamera ya Mama Gloire

Taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya kamera. Mwende akaandika daftarini: picha ipo. Akajaribu maikrofoni. Kimya.

Hiyo ilikuwa aina ya nne ya Linux, mfumo endeshi wa bure, kuijaribu mchana huo kwenye ile kompyuta kuukuu, katika ukumbi wa kanisa, huko Kenton, ughaibuni. Ya pili ilikuwa imeikubali maikrofoni, lakini kamera haikuiona kabisa. Nyingine mbili hazikuona chochote.

Shahada yake ya kompyuta ilikuwa na miezi miwili tu, naye alikuwa amemwahidi Mama Gloire vyote viwili, picha na sauti.

“Mama, nimeshindwa,” alisema. “Hii itampa Gloire sura yako, ile itampa sauti. Kwa leo itabidi uchague.”

Mama Gloire alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, mikono bado inanuka dawa ya kusafishia vyoo. Kule Bukavu binti yake alikuwa ameshaketi kwenye saiberi na shangazi yake, akisubiri. Hawakuwa wameonana kwa miaka sita.

“Sasa unanuna nini, binti?” Mama Gloire alimwuliza. “Sauti yangu anaijua, kila Jumapili napiga simu. Sura ndiyo ameisahau. Weka hiyo ya sura.”

Mwende akaunganisha.

Mama Gloire akasogeza kiti pembeni, nje ya picha, akatoa simu mkobani na kupiga.

“Gloire? Ndiyo, ni mama. Sikiliza, mpenzi. Sasa hivi utaniona. Mama amezeeka kidogo. Usishtuke.”