Bomba Zima

Kwa jina la Mola ajuaye kilicho juu ya ardhi na kilichofichwa chini yake.

Uani kwa Tahira, katika nyumba za mwisho za Rumonge kabla ya ziwa, walisimama watatu: Tahira mbele, mumewe nyuma yake, na kando yao fundi kutoka Bujumbura akisukuma mashine ya magurudumu, ile inayopeleka mawimbi ardhini kutafuta mabomba ya chuma. Kuta zilikuwa zimelowa hadi madirishani. Majirani walikwisha kuhama na milango yao, wakisema ni ziwa linapanda. Tahira alisema ni bomba limetoboka, na bomba huzibwa.

"Kumbe ni kigari!" mumewe akatania. "Mutoto wake iko wapi?"

"Nyamaza, baba watoto. Muache afanye kazi."

Kwenye kioo cha mashine ukatokea upinde mweusi, alama ya chuma. "Bomba iko hapa," akasema fundi.

Wakachimba hadi kina cha magoti. Tahira akashuka shimoni, akalipangusa bomba kwa ncha ya kanga, akapitisha kiganja juu, chini na kwenye maungio. Chuma kilikuwa baridi, kizima, hakina hata ufa. Maji yakachuruzika kutoka upande wa ziwa, yakamfunika vidole vya miguu.

"Labda imetoboka mbele kidogo. Pitisha tena, mwanangu."

Fundi alikuwa amekwisha kuizima mashine. "Mama, bomba hii haina maji tangu juzi. Tuliifunga kule barabarani."

Mumewe akaingia ndani, akaanza kung'oa mlango kwenye bawaba zake.

Ewe Mola, warehemu waliobaki ufukweni, uwape pakavu pa kulala.