Kipimo cha Royce Tidwell

Royce Tidwell alikimbilia chooni kwa mara ya tisa jioni ile, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umeshika kikombe cha dawa ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo. Mkewe Jolene alikuwa ameegemea mlango kwa nje, anacheka hadi mbavu zinamuuma.

"Bado nusu galoni," alimwambia. "Maliza."

Royce alimjibu neno ambalo mzee wa kanisa hakupaswa kulijua.

Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni ila jeli ya kijani na mchuzi mwepesi wa kuku, na jirani yao alikuwa anaoka nyama kwa moshi, kwa makusudi kabisa, au ndivyo Royce alivyoamini. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kaka yake Dwight alifariki akiwa na hamsini na saba, kwa saratani ya utumbo iliyoonekana wakati hakuna tena la kufanya. Miaka yote tangu mazishi Jolene alimbembeleza akapimwe, na miaka yote Royce alikuwa na kazi.

Kilichomwamsha Jolene ni taarifa ya habari. Ijumaa saa nne asubuhi mahakama ingetoa hukumu juu ya ile sheria inayozitaka bima kulipia vipimo vya kinga bila mgonjwa kutoa hata senti. Sheria ilikuwa imeshtakiwa, na mji mzima wa Abilene ulisema safari hii itaanguka. Jolene alifundisha darasa la pili, na bima ya shule iliwahudumia yeye na mumewe. Akapiga simu kliniki, akapata nafasi moja tu iliyobaki: Ijumaa hiyohiyo, saa mbili.

"Utakwenda, Royce," alisema. "Wewe kuliko mtu mwingine yeyote."

Royce akaenda kuzima televisheni.

Kliniki ilifurika utadhani wanagawa ng'ombe. Kila mtu alikuwa amekumbuka afya yake wiki ileile. Royce aliteremsha kofia hadi puani, na muuguzi alipoita "Tidwell!" kwa sauti ya mnada, alimsogelea haraka akamwomba amwite Royce tu, inatosha. Muuguzi akamwambia akae, ataitwa tena.

"Usione haya, mwanangu," alisema bibi aliyekaa jirani yake. Aliitwa Odessa Pruitt, ana miaka sabini na mbili, na tumbo lake lilikuwa linanguruma kuliko la Royce. "Humu ndani hakuna mwenye cheo. Sote tumelala chooni."

Watu wakacheka. Bi Odessa akaona amepata hadhira, akaendelea. Aliwaeleza jinsi dada yake alivyookolewa na kipimo kama hiki, kisha akawageukia walioipeleka sheria mahakamani. Alisema hana haja ya kuwatukana. Angependa tu wapewe ile dawa ya kuharisha wiki nzima, halafu wafungiwe choo.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Royce alicheka kuliko wote, mpaka akapaliwa, na Jolene akampiga mgongoni, pengine kwa nguvu kupita ilivyohitajika.

Kisha akaitwa, akalazwa ubavu, akadungwa sindano, akaambiwa ahesabu. Alifika nne.

Alipozinduka, dunia ilikuwa tamu. Alimwambia muuguzi kwamba pazia lake ni zuri. Alimtazama Jolene kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kama ana mchumba.

"Nina mume," Jolene alisema.

"Ana bahati," Royce alisema, na machozi yakamtoka alipoelezwa ni nani.

Daktari Villarreal aliingia na picha mkononi. Alieleza kwamba alikuta vinyama viwili kwenye utumbo na amevitoa vyote. Kimoja kilikuwa kimeanza kubadilika. Kama Royce angekaa miaka miwili zaidi bila kupimwa, alisema, wangekuwa wanazungumza mambo mengine kabisa. Sasa arudi nyumbani akale.

Royce aliitazama ile picha, akamfikiria Dwight, vile alivyokonda mwishoni hadi pete ikawa inamvuka kidoleni. Jolene alimshika mkono. Halafu kicheko kikamtoka Royce kutoka mbali, kutoka huko huko kulikokuwa na vile vinyama, na mkewe akaambukizwa, na daktari naye.

Walitoka wameshikana, Royce anayumba kama mlevi wa harusi. Kwenye chumba cha kusubiri watu wote walikuwa wamesimama mbele ya televisheni. Mtangazaji alikuwa anasema kwamba sheria imesimama. Vipimo vitabaki bure.

Chumba kililipuka kwa vifijo. Watu wasiojuana walikumbatiana. Royce alirusha kofia yake hewani, akamkamata Bi Odessa kiunoni, akamzungusha mara mbili katikati ya viti, na bibi akamwambia anacheza vizuri kwa mtu mwenye njaa.

Simu ya Royce ikalia mkobani mwa Jolene. Vidole vya Royce vilikuwa bado vina usingizi. Akabonyeza kipaza sauti kimakosa, na sauti ikatoka kwa nguvu, chumba kizima kikaisikia.

"Bwana Tidwell, ni wakili wako, Hargis. Pole sana. Jaji ametupilia mbali kesi yako yote, sheria uliyoishtaki imebaki kama ilivyokuwa. Nikate rufaa?"

"Thubutu," Royce alisema, "nikushtaki na wewe."