Nyuma ya Goli

"Mdomo wangu sanduku la chuma," Bi Semeni alipenda kujigamba, kisha akaongeza, "ila kufuli lake nalitafuta tangu siku ya harusi." Hata hivyo, siri moja haijawahi kumponyoka.

Jioni ile alikwenda ukumbini na mumewe, Mzee Mbaruku, kutazama filamu ya zamani ya mechi ya Makapi, timu ya vibarua wa kinu iliyochekwa na mji mzima mpaka ilipotwaa kombe. Mzee ndiye aliyekuwa golikipa. Enzi zile mganga wa timu aliweka mwiko: mke wa mchezaji akikanyaga uwanjani, goli litavuja kama chujio. Mpaka leo Mzee humwambia kila mgeni, "Kombe lile alilileta mke wangu. Alitulia nyumbani!" Bi Semeni hakuwa na moyo wa kumharibia utamu huo.

Pale ukutani, filamu ilipomulikwa, ikaja penalti ya mwisho. Mbaruku wa ujanani, kiuno kama nyigu, aliruka akaupangua mpira. Ukumbi ukalipuka. Bi Semeni machozi yakamlengalenga. Alivyokuwa mzuri, jamani!

Kumbe nyuma ya wavu msichana alikuwa akirukaruka, kanga imemdondoka begani, akipiga vigelegele.

Mzee aliacha kupiga makofi, akamgeukia mkewe.

"Mama Salha, yule nani?"

"Yule? Mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi? Si wewe kitindamimba kwenu?"

Bi Semeni akavuta ushungi hadi puani. Pale ukutani, yule msichana bado alikuwa akirukaruka.