Yowe la Kwenye Santuri

"Shikamoo, Bibi Zita," kijana akarudia. Sikumwitikia. Nilikuwa nachambua maharage.

Katoka Dar es Salaam mpaka huku Maretadu, eti ameigundua bendi ya marehemu mume wangu: vijana wa magitaa ya umeme, mwaka sitini na nane, santuri moja tu, wakasahaulika. Sasa Wazungu wanaigombania.

"Sikiliza hapa, bibi."

Kwenye simu yake gitaa likabweka kama mbwa mwenye kichaa, kisha likatoka yowe la mwanamke, refu, likakatika ghafla. Kijana akafumba macho. Mguu wake ukapiga mdundo kwenye vumbi la uani kwangu.

"Watu hulia wakifika hapo. Nani aliimba?"

"Rudia."

Akarudia. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakishika kidole chake, nikakiweka nyuma ya sikio langu, kwenye shimo ambamo nywele hazikuota tena.

"Hakuna aliyeimba. Nilifungua mlango wakati wanarekodi. Mume wangu akanipiga na chuma cha maikrofoni. Wenzake hawakuacha kupiga magitaa."

Simu iliendelea kuimba, na mguu wa kijana nao ulikuwa haujaacha mdundo.